Anza na Jiko, Eeddo

Bulla Iftin,
Garissa

Kwa binti wa kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila joto. Baba yako anakusalimu, mgongo umemtulia tangu akubali kuwaachia vijana mitungi ya maji. Gunia ulilolipakia kwenye basi huko Juja lilifika salama, na nimefanya ulivyoniomba: nimezichoma zile peleti zako za kuni katika kila jiko lililomo humu nyumbani.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanijibu mimi shangazi yako "sawa eeddo, sawa eeddo", kisha unafanya lako. Karatasi haina wa kuikatiza.

Umesema umepata mashine ya kushindilia peleti, mwenyewe anataka arubuni kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba mti wa mathenge tunao tele kando ya mto Tana, basi kazi iliyobaki ni kusaga tu. Shauri langu nalitanguliza, ukichoka kusoma uwe umeshalipata: arubuni usitoe. Anza na jiko. Mashine itakuja baadaye, au pengine haitahitajika, na sababu zake nitakueleza moja moja.

Nilianza na mafiga, kwa kuwa ndiyo yaliyopo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu. Nikamwaga konzi za peleti kati ya mawe matatu, nikatia vipande vya karatasi, nikawasha. Zilitoa moshi mweupe mzito mpaka jirani akauliza kama tunachoma takataka. Nusu yake ilizama mchangani. Nyingine zikabiringika nje, na mbuzi wakaja kuzinusa wakidhani ni lishe. Nilipovuvia, jivu lilipanda, moto haukupanda. Kuni za kawaida ukizipanga zinaachana, hewa inapita katikati na mwali unapata njia. Peleti ni vipande vifupi vyenye unene wa milimita 6 au 8, na ukivimwaga hulaliana kama mahindi kwenye gunia. Hewa haipenyi. Zile za juu huungua, za chini hufukiza tu.

Kwenye lile jiko la udongo nililojengewa jikoni, la aina ya Maendeleo, mambo yalikuwa afadhali kidogo. Ukuta wa udongo hutunza joto, na mdomo wake huvuta hewa kwa mbele. Lakini jiko lile lilibuniwa kwa kuni ndefu zinazosukumwa ndani kadiri zinavyoliwa na moto, na halina matundu chini. Peleti zikifanya lundo sakafuni hujifunika jivu lake zenyewe. Chai ilichemka, ndiyo, lakini nilikuwa nikichokora moto muda wote, na sufuria ikatoka nyeusi kuliko ilivyoingia.

Ndipo nikakumbuka picha ulizonitumia za watu wa Marekani wanaotia kikapu cha chuma ndani ya jiko lao la kuni, wanajaza peleti, wanafunga mlango. Nikamwendea fundi wa mabati pale sokoni, akanikunjia kikapu cha waya mnene chenye miguu mifupi, kisimame juu ya sakafu ya jiko hewa ipite chini yake. Kweli, kilifanya kazi. Mwali ulisimama, joto likaja. Lakini tazama tofauti, mwanangu. Majiko ya wale ni ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi: yana mlango wa kufunga, yana kidhibiti cha hewa, na yana dohani ndefu inayovuta moshi juu na hewa safi kutoka chini. Peleti zenyewe zilishika huko tangu mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 yalikuwepo majiko ya nyumbani yaliyoundwa kwa ajili yake tu, yenye parafujo ya umeme inayodondosha peleti kidogo kidogo na feni inayopuliza. Kikapu ni cha yule ambaye hakununua jiko hilo na bado anataka kutumia peleti zake. Sisi jikoni hatuna dohani. Kikapu changu kilitoa moshi mwingi mwanzoni, kikatulia katikati, kikafukiza tena mwishoni, na moshi wote huo ulipita machoni mwangu na mwa mdogo wako aliyekuwa amekaa hapo akifanya kazi ya shule. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka wa 2020. Sihitaji kukukumbusha kifua cha nyanya yako.

Lililonifurahisha ni lile jiko la mikebe miwili, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo palipo na jambo lenyewe.

Nilimpa fundi yule yule mkebe mrefu wa maziwa ya unga na mkebe mpana wa rangi. Mrefu akautoboa matundu mengi kitakoni, na mstari wa matundu mengine karibu na mdomo. Akautumbukiza ndani ya ule mpana, akaacha nafasi ya kidole kuzunguka pande zote, na ule mpana akautoboa chini hewa iingie. Ukijaza peleti mpaka chini ya matundu ya juu, unawasha kutoka juu, si kutoka chini. Wengi hushangaa hapo. Moto unashuka polepole ndani ya peleti na kuzigeuza makaa, na moshi unaotoka humo, ambao ni gesi inayowaka, unapanda juu. Hewa nyingine inapanda kati ya kuta mbili, inapata joto njiani, inaingia kwa matundu ya juu na kukutana na gesi ile. Unachokiona ni mwali unaocheza mdomoni mwa mkebe huku peleti za chini bado hazijaguswa. Moshi ulioniliza kwenye mafiga ndio uliopika wali.

Usidhani nimeyabuni. Mmarekani Tom Reed aliifanyia kazi njia hii tangu miaka ya 1980, na Mnorwe Paal Wendelbo akaitengeneza kivyake kaskazini mwa Uganda, karibu na kambi za wakimbizi za Adjumani, akaliita jiko lake Peko Pe. Yaani jiko hili lina asili ya kambi, na ya watu waliokuwa wakipika kwa majani na vijiti walivyookota. Walikuja wengine wakaliongezea feni ndogo ya betri na paneli ya sola, kama lile jiko la Kiholanzi la Mimi Moto, nalo kwa kweli huwaka safi karibu sawa na gesi. La mikebe halifiki huko. Lakini linakuonyesha kazi inavyofanyika, na gharama yake ni chai ya fundi.

Sasa nikueleze kasoro zake, kwa kuwa wewe ni mhandisi na huyu eeddo wako ndiye mpishi. Jiko hili hujazwa mara moja. Katikati ya kupika huwezi kutia peleti nyingine juu, ukitia moto unasongwa na moshi unarudi. Kwa wali na mchuzi ni sawa, unapima kiasi chako na kuanza. Kwa anjera za alfajiri ni taabu, maana anjera zataka moto wa wastani usiopanda wala kushuka, na watoto hula kadiri zinavyotoka. Moto wa mkebe mwanzoni ni mkali mno, kikaango kinaunguza anjera ya kwanza na ya pili. Itabidi liwe na kifuniko cha kupunguza hewa ya chini, na hilo fundi wa bati halifanyi vizuri. Tena akija mgeni baada ya moto kuisha, unaanza upya. Na unajua nyumba yetu, mgeni hamalizi salamu kabla birika halijawekwa motoni.

Lakini kuna faida ambayo sidhani vitabu vyenu vinaitaja. Mwali ukizimika, ndani ya mkebe hubaki makaa. Niliyamwaga kwenye dabqaad, chetezo chetu, nikatia unsi, nyumba ikanukia mpaka magharibi. Mama yako huniambia siku zote kwamba gesi ni safi lakini haimpi kaa la unsi wala la kufukizia chombo cha maziwa, kwa hiyo hata wenye mtungi hununua makaa pia. Hilo nalo ni soko. Ila waeleze watu jambo moja waziwazi: makaa yale, mwali ukishakwisha, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Yasiachwe kwenye chumba kilichofungwa watu wamelala, hata kama usiku wa Julai una upepo.

Haya, twende kwa mathenge wako.

Najua ulivyoupenda huo mpango: mti uliotuharibia malisho uwe nishati ya kupikia. Hata mimi naupenda. Waliouleta nao waliupenda. Ulipandwa Bamburi mwaka wa 1973 kufunika machimbo ya mawe, ukapelekwa Baringo na kwenye mradi wa unyunyizaji wa Bura mapema miaka ya 1980, kwa nia njema kabisa ya kuwapa watu kuni na kuzuia mchanga kupeperuka. Leo umeziba njia za ng'ombe kwenda mtoni, miiba yake inatoboa magurudumu na kwato, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Mwaka wa 2006 Wailchamus wa Baringo walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi dhidi ya serikali. Mwaka wa 2008 serikali ikautangaza gugu hatari. Sasa umesahau jambo moja wanalolijua wakata makaa wote: ukiukata bila kung'oa kisiki, unachipua upya, mashina mengi mahali pa shina moja. Kwa mwenye kiwanda ni neema, kuni haziishi. Kwa mfugaji si dawa. Kwa hiyo ukienda kwa wazee kuomba kukata, usiwaahidi kwamba utaumaliza mathenge. Waambie utasafisha njia na utalipa watu. Hilo ni kweli na linatosha.

Mathenge ni mti mgumu, na ugumu wake ndio tatizo la mashine yako. Ulinitumia picha: ina sahani bapa ya chuma yenye matundu na magurudumu mawili yanayozunguka juu yake. Mashine za aina hiyo ndizo zinazouzwa kwa wafugaji wa kuku na sungura. Pumba za mahindi ni laini, zinapita. Mbao ngumu iliyosagwa inataka shinikizo kubwa zaidi, sahani nene zaidi, na mota yenye nguvu, kwa maana kinachoishikisha peleti si gundi ya dukani. Ni lignini, gundi ya asili iliyomo kwenye mti, inayolainika kwa joto la msuguano ndani ya yale matundu, kisha ikipoa inagandisha unga uwe kipande kimoja. Joto lisipofika, unapata unga uliobanwa tu, unaovunjika safarini. Unga wenyewe lazima uwe mkavu, unyevu wa asilimia 10 hadi 15 hivi, huku mti mbichi ukiwa na maji yanayoweza kukaribia nusu ya uzito wake. Jua la Garissa litakusaidia kukausha, hapo sina wasiwasi. Lakini mchanga hautakusaidia. Kuni zetu huburutwa, hupakiwa kwenye mikokoteni ya punda, hutupwa chini. Mchanga huo ukiingia mashinani unasugua matundu ya sahani mpaka yapanuke, na ukiingia jikoni unayeyuka pamoja na jivu na kufanya mabonge magumu yanayoziba matundu ya hewa. Nilipolichokora jivu la peleti zako, lilikuwa laini na kidogo sana. Hizo zilitoka kwa mbao safi ya kiwanda. Za kwetu hazitakuwa hivyo mpaka mtu alipwe kuzikagua.

Na umeme? Kituo cha sola cha hapa Garissa, cha karibu megawati 55, kilizinduliwa Desemba 2019, na ukipita barabarani unaona vioo mpaka macho yanauma. Umeme wake unaingia gridi ya taifa. Kwetu mtaani stima bado hukatika, na mota ya kushindilia kuni ikikatika katikati ya kazi, unga unagandia matundu na unautoa kwa kuchimba tundu moja baada ya jingine. Muulize muuzaji kama amewahi kuona hilo. Ukimwona anacheka, ameshaliona.

Jaribio jingine nililolifanya ni rahisi, nakushauri ulifanye kwa kila mtu atakayekuuzia. Nilitumbukiza peleti chache kwenye gilasi ya maji. Zilizama mara moja, dalili kwamba zimeshindiliwa vyema, kwa sababu kuni kavu ya kawaida huelea. Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi zilikuwa uji wa unga wa mbao. Kwa hiyo gunia likinyeshewa, hakuna tena cha kuchoma. Mwaka wa 2023, mvua za Novemba, ulikuwa Juja, hukuona: mto uliifunika barabara ya Madogo pale Kona Punda, malori yakakaa ng'ambo, mitungi ya gesi ikakosekana kwenye duka letu la jirani, na mwaka uliofuata, Aprili na Mei, ikawa vile vile. Watu walipika kwa nini? Kwa mathenge uliokatwa upande huu wa mto, mbichi nusu, moshi tele. Nishati inayotoka Nairobi inategemea barabara hiyo. Hapo ndipo hoja yako ya kutengeneza hapa hapa inapopata nguvu, nakubali. Lakini peleti za hapa hapa nazo zitataka ghala lisilovuja, na mama wa nyumba ya manyatta hana ghala.

Nikusimulie sasa ya Rwanda. Palikuwa na kampuni iitwayo Inyenyeri, iliyoanzishwa na Mmarekani Eric Reynolds, ikifanya kazi Gisenyi kando ya Ziwa Kivu na pia katika kambi ya Kigeme ya wakimbizi wa Kongo. Hawakuuza jiko. Walimpa mtu lile la Mimi Moto la feni, naye ananunua peleti kila mwezi, na wa shambani aliyekosa pesa alileta vijiti akapewa peleti. Wazo zuri kuliko mengi niliyoyaona, na peleti zao zilisifiwa. Mwaka wa 2020 kampuni ikafunga. Faida ya kuuza peleti kwa maskini ni ndogo, kiwanda kinataka mtaji mkubwa kabla ya wateja kufika idadi ya kukilisha, na subira ya wenye mtaji ina kikomo. Mimi sitazami hasara ya wenye mtaji. Namtazama yule mama wa Gisenyi aliyeachiwa jiko lililoundwa kwa peleti na duka la peleti limefungwa. Alirudi kwa makaa, angefanya nini?

Nayasema haya kwa kuwa nimefanya kazi ya majiko Dadaab miaka mingi, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka wa 1991 na 1992 kwa watu 90,000, na kufikia ukame wa 2011 walikaribia nusu milioni. Kila sufuria ilihitaji kuni, na kuni ziliwataka wanawake watoke kambini kwenda mbali porini, ambako majambazi waliwavizia na kuwabaka. Mwaka wa 1998 Umoja wa Mataifa ulianza mpango wa kugawa kuni kwa sababu hiyo. Tathmini ya mwaka wa 2001 ilionyesha kwamba ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua pale kuni zilipogawiwa za kutosha, lakini ule wa mahali pengine ukaongezeka, na kuni zenyewe hazikutosheleza mahitaji ya nyumba. Waliendelea kutoka. Sisi wafunzaji tulipita block hadi block tukionyesha jiko la kubana moto, kuloweka maharage, kufunika sufuria, kupasua kuni nyembamba. Ziliokoa kuni, hizo mbinu ndogo, kuliko majiko mengi ya kigeni niliyoyaona yakishushwa kutoka kwenye malori. Mengine yaliuzwa sokoni wiki ile ile. Mengine yaligeuzwa kuwa ya kuwekea kuku maji. Wanawake hawakuwa wajinga. Jiko lilikuwa dogo kuliko sufuria ya familia ya watu tisa, au nishati yake haikupatikana baada ya mradi kwisha, na mradi huisha. Ng'ambo ya mpaka, Kebribeyah karibu na Jijiga, wakimbizi wetu wa Kisomali walipewa majiko ya spiriti ya molasi, na kina mama waliyapenda kwa kuwa hayakuwapeleka porini. Jiko zuri lina maana kubwa. Lakini kila mara swali la pili ni hilo hilo: kesho linakula nini?

Ndiyo maana nilifanya jaribio la mwisho, ambalo hukuniomba. Nilichukua vijiti vya mathenge vilivyokauka sawasawa, vyembamba kama kidole, nikavikatakata vipande vya urefu wa kiungo kimoja, nikaujaza ule mkebe wa fundi bila peleti hata moja. Nikawasha juu. Moshi kidogo mwanzoni, kisha mwali ukasimama. Haukuwa mtulivu kama wa peleti, uliruka ruka, na mara moja kipande kilikwama nikakitikisa. Lakini wali uliiva na makaa ya unsi yakabaki. Bila mashine, bila mota, bila sahani ya chuma kutoka Nairobi.

Kazi iliyopo ni kukata. Miiba ile inauma, na hakuna mama mwenye watoto wadogo atakayekaa kukatakata vijiti kila jioni. Hapo ndipo biashara yako ilipo, nadhani. Mashine ya kukatakata matawi ni rahisi kuliko ya kushindilia peleti, na inaweza kwenda kwa injini ya dizeli porini kwenyewe. Vijana wa Bulla Punda wanaolipwa kukata mathenge kwa makaa wangekata kwa ajili yako. Unajua pia hasara ya makaa: tanuri letu la udongo linataka kilo sita, saba, hata kumi za kuni kwa kilo moja ya makaa, na kwa kisingizio cha mathenge wengine wanakata migunga ya asili isiyochipua upesi. Ukiwauzia watu vipande vikavu kwa gunia, pamoja na jiko imara linalokula vipande hivyo na peleti pia, siku peleti zikikosekana mama anajaza vijiti, na siku gari likileta peleti za bei nafuu kutoka Thika anajaza peleti. Peleti zina sifa yake, sikatai. Zimelingana, hazina miiba, gunia moja linabeba joto jingi, na kilo 2 hutoa joto linalokaribia la lita moja ya mafuta ya taa. Ukishapata nyumba za kutosha zenye jiko, mashine itajilipia. Ukianza na mashine, utakuwa na gunia zuri na mteja mwenye mafiga, na yale yaliyonipata kwenye mafiga umeyasoma.

Na kama roho yako imeshaipenda mashine ile ya sahani bapa, basi iweke kwenye kazi yake, lishe ya mifugo. Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mizoga ikajaa njiani mpaka Modogashe. Maganda ya mathenge yakikaushwa na kusagwa pamoja na mbegu zake, mbegu hazioti tena na mbuzi hapotezi meno kwa kutafuna, na unga huo ukichanganywa na vyakula vingine ni lishe. Mashine ya kuku itashindilia hiyo bila kulia. Mfugaji wa Garissa hujifikiria mara mbili kununua kuni, lakini kwa mnyama wake wakati wa ukame hutoa pesa hata kama amekopa.

Kabla ya kunijibu, muulize muuzaji mambo haya. Sahani hiyo imeshindilia mbao ngumu kwa saa ngapi kabla ya kubadilishwa, na sahani mpya ni bei gani? Anaweza kukuonyesha peleti za mti mgumu zilizotoka kwenye mashine hiyo hiyo, uzitumbukize majini mbele yake? Mota yake inataka stima ya nyaya tatu au ya nyumbani? Akisitasita, rudi nyumbani na pesa zako. Kisha nenda kwa wanafunzi wenzako wa karakana, waonyeshe mchoro wa mikebe miwili, na uwaombe watengeneze mkebe wenye kifuniko cha kupunguza hewa, ukubwa wa kubeba sufuria ya watu tisa, na mdomo wa kukalia kikaango cha anjera bila kuyumba. Utume mmoja na basi la Alhamisi, mimi na mama yako tutaupikia mfungo mzima wa Ramadhani, wali, sambusa, uji na chai ya daku, na tutakuandikia ulipovunjika.

Mdogo wako anataka kalamu za rangi. Baba yako hataki chochote, ila dawa yake ile ya kupaka imekwisha.

Wasalaam,
Shangazi yako

Gunia lililobaki na peleti nimelitundika juu, mbali na mbuzi. Usitume jingine mpaka jiko lije.